Ficheni Chupa Kwanza

Watu wengi wanaosema wanalinganisha wiski za Uskoti hawalinganishi wiski. Wanalinganisha lebo, bei na hadithi iliyochapishwa nyuma ya boksi, halafu shughuli hiyo wanaiita kuonja. Tangu nianze masomo ya uzamili hapa Glasgow nimehudhuria jioni za kuonja za kutosha kusema hivi bila woga. Utaratibu ni uleule. Chupa inawekwa mezani, uso wake ukiwaelekea wageni. Mwenyeji anasimulia habari za mto, ukungu na babu wa babu. Anataja umri wa wiski, anashusha sauti kidogo anapofika kwenye bei, na hapo ndipo tunaruhusiwa kunusa. Kufikia wakati huo pua haina kazi. Imeshaambiwa itakachokuta.

Dai langu ni fupi. Mtu asiyekubali kuonja bila kuiona chupa hana la kutuambia kuhusu ipi ni bora kuliko ipi. Anaweza kutuambia anaipenda ipi, na hiyo ni haki yake, kama shabiki alivyo na haki ya kuipenda timu yake hata ikila mabao matano. Lakini asituuzie mapenzi yake kwa jina la maarifa.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka kinywaji hicho kikae ndani ya pipa la mwaloni, nchini Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3. Pipa lisizidi lita 700. Na pombe isipungue asilimia 40. Ili kiitwe single malt lazima kitokane na kimea cha shayiri pekee na kikenekwe kwa mitungi, awamu kwa awamu, katika kiwanda kimoja. Lile neno single, basi, halihusu pipa moja wala shamba moja. Linahusu kiwanda. Ndani ya chupa moja huenda yamechanganywa mapipa mengi ili ladha ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Na mbali na maji, sheria inaruhusu kuongeza kitu kimoja tu: karameli ya rangi, E150a. Hiyo karameli nitaifikia.

Mila yenyewe ya kuketi na kulinganisha single malt si ya kale kama tunavyosimuliwa. Kwa vizazi kadhaa sehemu kubwa sana ya wiski ya kimea ilikwenda kwenye wiski za mchanganyiko. Ni mwaka 1963 ndipo Glenfiddich ilianza kuuzwa kwa bidii nje ya Uskoti kwa jina la single malt. Kitabu cha Michael Jackson (Mwingereza aliyeandika juu ya bia na wiski, si yule mwimbaji) kilichowazoesha wasomaji kuipa kila chupa alama chini ya 100 kilitoka mwaka 1989. Mzee yeyote kijijini kwetu Kericho aliyezaliwa kabla ya uhuru ana umri kuliko mila hii.

Sasa tuje kwenye mikoa, maana hapo ndipo uongo unapopata ramani. Kanuni zilezile zinalinda majina matano ya maeneo: Highland, Lowland, Speyside, Campbeltown na Islay, ambayo hutamkwa Aila. Mgeni hufundishwa siku ya kwanza kwamba Islay ni moshi, Speyside ni matunda na asali, Lowland ni laini. Ni rahisi kukariri, na wauzaji wanalipenda somo hili kwa sababu linakufanya ununue chupa tano badala ya moja.

Lakini tazama Islay yenyewe. Moshi wake unatoka kwenye piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliojengeka kwa mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Hukatwa kama matofali, hukaushwa, kisha huchomwa chini ya shayiri iliyoota. Moshi hushika kwenye ganda la nafaka na kuacha fenoli. Hakuna cha kisiwa hapo. Ni uamuzi wa mtu anayewasha moto. Bunnahabhain iko Islay, na wiski yake nyingi haina moshi. Bruichladdich iko Islay, na ile inayobeba jina la kiwanda haina moshi, ilhali chupa nyingine ya kiwanda hichohicho, Octomore, ni miongoni mwa zenye moshi mkali kuliko zote duniani. Ardmore iko bara, Highland, na inafukiza kimea chake. Kiwanda cha Springbank, Campbeltown, kinatengeneza wiski tatu chini ya paa moja: Springbank yenye moshi kidogo, inayokenekwa kile wanachokiita mara mbili na nusu; Longrow yenye moshi mzito, mara mbili; na Hazelburn isiyo na moshi, mara tatu. Mkoa mmoja, mji mmoja, wafanyakazi walewale. Mwenye kuamini mikoa atueleze ni ipi kati ya hizo tatu iliyo ladha ya Campbeltown.

Wapenzi wa moshi wana namba yao pia. Wanahesabu fenoli kwa sehemu kwa milioni na kuzitaja kama wapanda milima wanavyotaja mita. Wachache hukumbuka kwamba namba hiyo hupimwa kwenye kimea, kabla ya kuchachushwa na kukenekwa, na si kwenye glasi. Lagavulin na Caol Ila ni viwanda viwili vya kampuni moja, Diageo. Vyote viwili hupata kimea kutoka Port Ellen, kilichofukizwa kwa kiwango kilekile cha takriban 35. Onja zote mbili. Moja ni nzito, inatulia kinywani kama supu. Nyingine ni nyepesi, moshi wake una ncha ya limau. Tofauti haitokani na piti. Inatokana na umbo la mitungi, mwendo wa kuchemsha, na mahali mkenekaji anapokata mkondo, yaani lini anaanza kukusanya na lini anaacha. Glenmorangie wanajisifu kwamba shingo za mitungi yao zina urefu wa mita 5.14, na kwenye matangazo yao wanaulinganisha na twiga. (Mskoti kutuletea twiga wetu ili atueleze shaba yake, hilo nimemsamehe.) Hoja yao ni ya kweli lakini: shingo ndefu huzuia mvuke mzito kupita, kwa hiyo kinachotoka ni chepesi. Hayo ndiyo mambo yanayofaa kusimuliwa mezani, kama ni lazima tusimuliwe.

Na pipa. Hapa mwenyeji wa jioni huwa na haraka, kwa sababu pipa linaharibu hadithi ya bonde na mto. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani. Wakishalitumia mara moja kwa bourbon, linauzwa, na mengi huja Uskoti. Vanila unayoinusa na ile nazi ya mbali ni mwaloni wa Marekani unaozungumza. Mapipa ya sheri nayo: zamani mvinyo huo ulisafirishwa hadi Uingereza ndani ya mapipa, na mapipa yakabaki. Tangu miaka ya 1980 sheri inatiwa chupani Hispania, kwa hiyo leo mengi ya mapipa yanayoitwa ya sheri yametengenezwa kwa ajili ya wiski na kulowekwa sheri kwa oda ya viwanda. Sioni ubaya wowote. Ubaya ni kuuziwa ukungu wa Uskoti huku unachokionja ni msitu wa Missouri.

Kuhusu umri sitakaa sana. Namba kwenye chupa ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo. Miaka 18 ndani ya pipa lililochoka, lililokwisha kutumika mara tatu, inaweza kukupa kidogo kuliko miaka 10 ndani ya pipa zuri. Na kila mwaka takriban asilimia 2 ya kilichomo huondoka kwa hewa, kwa hiyo uzee una gharama hata kama hauna ladha. Novemba 2023 chupa ya Macallan ya mwaka 1926 iliuzwa kwa mnada huko London, Sotheby's, kwa zaidi ya paundi milioni 2. Hiyo ni hati ya kiwanja yenye kizibo, si kinywaji.

Rangi ndiyo fedheha kubwa. Wiski nyeusi huonekana kongwe, na karameli inaruhusiwa, kwa hiyo jumlisha mwenyewe. Ujerumani lebo hulazimika kusema rangi imeongezwa. Hapa Uingereza unaachwa ukisie. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Brochet akiwa mmoja wao, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanasomea kazi hiyo. Sisi tunaokunywa Ijumaa jioni tuna kinga gani?

Kwetu nimekulia karibu na mashamba ya chai. Waonjaji wa chai hupanga vikombe vyeupe kwa mstari, uzito uleule wa majani, maji yaleyale, dakika zilezile, wanavuta kwa kelele, wanatema, wanasonga mbele. Hakuna anayewapigia filimbi ya mbuzi kabla ya kila kikombe. Basi tulifanya hivyohivyo kwenye chumba changu, watu wanne tuliochangiana sampuli ndogo ndogo: mimi, mwenzangu wa darasa atokaye Moshi (mji, si ule wa piti), Mskoti mmoja na kijana wa Pune. Mtu wa tano, asiyekunywa, alijaza glasi na kuzipa namba jikoni, akafunika kila moja kwa foili hadi ukingoni ili rangi isituone wala sisi tusiione.

Kanuni zilikuwa tatu. Kwanza, nguvu sawa. Bunnahabhain ya miaka 12 ina asilimia 46.3 na Caol Ila ya miaka 12 ina 43, na kileo kikizidi watu husema "ina mwili" wakati ni spiriti tu. Kwa mililita 20 ya ile ya kwanza tuliongeza maji mililita 3 na kitu, kwa ya pili moja na nusu, zote zikashuka hadi 40. Pili, pembetatu: glasi tatu, mbili zina kitu kilekile, tafuta iliyo tofauti. Ukikisia tu utapata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo tulirudia. Tatu, kila mtu aandike kimya kabla yeyote hajafungua mdomo, kwa sababu neno la kwanza mezani huwa linaambukiza kuliko mafua.

Watu wanne hawathibitishi kitu, na sijifanyi kwamba nimechapisha utafiti. Lakini kilichotokea kinafaa kusemwa. Kutofautisha tuliweza. Lagavulin ya miaka 16 na Caol Ila tulizitenga karibu kila mara. Kutaja majina hatukuweza. Mskoti wetu, aliyeapa kwamba Lagavulin anaijua hata usingizini, aliliandika jina hilo kwenye Caol Ila, mara mbili. Iliyopata alama za juu kwa jumla ilikuwa Bunnahabhain, ambayo ilikuwa na bei ndogo kuliko Lagavulin. Foili ilipoondolewa, mmoja wetu aliomba karatasi yake arekebishe alama. Tulimnyima, na alikasirika kweli. Ile hasira ndiyo ninayoipigania. Alikuwa ameshaonja, ulimi wake umeshasema, na bado alitaka chupa impe ruhusa.

Kuhusu maji, kuna watu hapa wanaoona kutia maji ni kama kumwaga mchanga kwenye pilau. Wachanganyaji wa viwandani, ambao riziki yao iko puani, hunusa wiski iliyopunguzwa hadi karibu asilimia 20. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Sweden, Karlsson na Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwa nini: gwaiakoli, molekuli mojawapo ya harufu ya moshi, huzama ndani pombe ikiwa kali, na maji yakiongezeka hupanda kwenye uso wa kinywaji, pale pua ilipo. Anayekukataza maji anakunyima ladha uliyoilipia.

Halafu kuna maneno. Soma maelezo ya chupa yoyote: maua ya heather, keki ya Krismasi ya bibi, mamaledi ya chungwa, ngozi ya kiti cha maktaba ya kale. Haya ni maelezo ya utoto wa mtu fulani, wa tabaka fulani, katika nyumba fulani. Si makosa kwake kuwa na utoto. Kosa ni kuufanya mtihani, ili asiyewahi kula keki hiyo aonekane hana ulimi. Nimewaona wanafunzi wenzangu kutoka nje wakiitikia kwa kichwa "heather, ndiyo, heather" na hawajawahi kuliona hilo ua.

Kiswahili kina vifaa bora kwa kazi hii kuliko tunavyokipa sifa. Kinatenganisha kunuka na kunukia kwa herufi moja. Tuna vumba na shombo kwa habari za samaki, kwa hiyo ile chumvi ya bandarini inayowasumbua waandishi wa Islay sisi tuna pa kuiweka. Tuna ukakasi, ambalo ni neno kamili la kile tanini inachofanya kwa ulimi, kama kung'ata ndizi mbichi. Kiingereza cha kawaida kinazunguka sana kufika hapo. Mwenzangu wa Moshi alinusa glasi namba mbili, akanigeukia: "Dada, hii ni wodi kabisa." Kila mtu mezani alielewa, hata wa Pune baada ya kutafsiriwa: dawa ya kusafishia kidonda, bandeji, sakafu iliyopigwa deki. Ni fenoli, na alikuwa sahihi. Mimi moshi huo ulinipeleka kwenye mursik, maziwa yetu ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ambako moshi hauji kwanza bali unakuja baada ya kumeza.

Lakini naona mtego mwingine mbele, na wenzangu waandishi vijana tayari wamo ndani yake. Kusema wiski "inanukia soko la Mombasa wakati wa magharibi" ni uongo uleule wa maktaba ya kale, umevaa kanga tu. Neno la kuonja lina kazi moja: mwenzako akinywa, aweze kusema ndiyo au hapana. Ukakasi unaweza kukanushwa. Wodi inaweza kukanushwa. Magharibi ya Mombasa haikanushiki, kwa hiyo haitusaidii.

Jambo la mwisho linanichoma kuliko yote, na wenyeji wa jioni hulisimulia kwa tabasamu. Kabla ya sheria ya ushuru ya mwaka 1823, wiski nyingi ya nyanda za juu ilikuwa ya magendo. Elizabeth Grant wa Rothiemurchus aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822 alitaka Glenlivet, na akapelekewa ile ya magendo. Sheria mpya ilipunguza ushuru na kuweka leseni ya paundi 10. George Smith alichukua leseni mwaka 1824 pale Glenlivet, na majirani zake wakenekaji wakamtishia kiasi kwamba alitembea na bastola mbili. Leo wahalifu hao ni picha kwenye lebo. Kila mtu anacheka, anagonga glasi.

Nyumbani Kenya, anayekeneka chang'aa nyuma ya nyumba ili alipe karo haitwi urithi. Sheria ya 1980 ilipiga chang'aa marufuku, ya 2010 ikaondoa marufuku hiyo na kutaka leseni na chupa za kioo, na bado mwanamke anayepika kwa pipa la chuma anaishi kwa kusikiliza kama chifu anakuja. Sisemi chang'aa yote ni salama. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na mtu anayepuuza vifo hivyo kwa ajili ya mapenzi ya mila ni hatari kuliko muuzaji wa lebo. Ninachosema ni kwamba Uskoti ilitoka magendoni kwa leseni nafuu, vipimo na wakaguzi, na sisi tunaomeza hadithi ya Smith pamoja na glasi ya paundi 12 hatujiulizi kwa nini ya kwetu imeishia kwenye msako. Kuonja kwa heshima ni anasa ambayo dola humpa mkenekaji mmoja na kumnyima mwingine, na baada ya hapo ndipo ulimi wetu unaitwa.

Najua nitakaloambiwa: mwanafunzi asiye na hela anaona wivu, waache watu wafurahie. Wafurahie. Sijamnyang'anya mtu glasi. Lakini nilimwuliza mwenyeji mmoja wa jioni hizi kama anaweza, mara moja tu, kuzifunika chupa hadi mwisho. Alifikiri kidogo, akasema watu wamelipa ili wazione. Nikamshukuru kwa ukweli wake, na sisi wanne tumeshapanga yetu ya mwezi ujao: Springbank, Longrow na Hazelburn, foili hadi ukingoni, na safari hii Mskoti ndiye atakayebaki jikoni kujaza.